Mpumzishe Kabla Hajachoka

Leo naziweka kando seva na hifadhidata, ingawa si kwa muda mrefu; mtaona zinarudi zenyewe mbele ya safari. Leo nataka kugombana. Nagombana na binamu yangu, nagombana na jamaa tunaokesha nao, na nagombana na kila kocha wa sebuleni anayepiga kelele mlinzi nyota anapokwenda kukaa benchi: "Mbona wanamtoa? Hajachoka!"

Nazungumzia mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega makubwa, si huu wetu wa miguu. Najua baadhi yenu mlianza kuusikia mwaka 2013, Mkenya Daniel Adongo alipotoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts. Wengine hamjawahi kuutazama kabisa. Msiwe na wasiwasi, nitaeleza kadiri ninavyokwenda, na hoja yenyewe mtaielewa hata kama hamjui yadi ni nini.

Ugomvi ulianza usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025. Ilikuwa Super Bowl, fainali yao kubwa, Philadelphia Eagles dhidi ya Kansas City Chiefs, kule New Orleans. Kwetu mechi ilianza saa nane na nusu usiku. Chai ya tangawizi ipo, kompyuta yangu imeunganishwa na televisheni kwa waya, binamu amevaa shati la kijani la Eagles alilonunua mtumba. Timu yake inamfukuza kwotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, kama watoto wanavyofukuza kuku wa sikukuu. Lakini badala ya kufurahi, mwenzangu analalamika. Kila watu wa safu ya mbele ya ulinzi wakibadilishana, anashika kichwa.

"Timu inaongoza, mtu anafanya kazi yake vizuri, halafu unamtoa? Hiyo si dharau?"

Nikamwambia amekosea. Akaniambia mimi ni mtu wa kompyuta, mpira nimeujulia wapi. Haya binamu, jibu lako ni hili hapa. Lisome polepole.

Tuanze na kanuni, kwa sababu nusu ya ugomvi huu unatokana na kuutazama mchezo mmoja kwa macho ya mwingine. Kwenye soka, ukitolewa umetolewa. Hata baada ya idadi ya mabadiliko kuongezwa kutoka 3 hadi 5 mwaka 2020, na kanuni hiyo kufanywa ya kudumu mwaka 2022, bado anayetoka harudi. Ndiyo maana tumezoea kuona kutolewa ni kama adhabu: mchezaji anatoka amenuna, anapita bila kumpa kocha mkono. Kwenye mpira wa Kimarekani si hivyo. Tangu mwaka 1950 ligi ya NFL inaruhusu kubadilisha watu bila kikomo. Mtu anatoka, anakunywa maji, anarudi, anatoka tena, hata mara 20 katika mechi moja. Timu ina wachezaji 53, na siku ya mechi hadi 48 wanaweza kutumika. Benchi si jela. Benchi ni sehemu ya uwanja.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Mchezo unakwenda kwa majaribio. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi 10, na kila jaribio huchukua sekunde chache tu, kisha watu wanajipanga upya. Wale wanne wa safu ya mbele ya ulinzi wana kazi moja ngumu: kuwasukuma watu wenye uzito kama wao au zaidi, na kumfikia kwotabeki kabla hajaurusha mpira. Akiangushwa na mpira bado uko mkononi, hilo ni pigo kubwa. Wengi wao wana kilo 120 hadi 150. Chukua mwili wa kilo 140, uulipue kutoka kuinama hadi mbio ndani ya sekunde moja, uugonge kwa mwili mwingine wa kilo 145, halafu rudia baada ya kama nusu dakika. Rudia tena. Rudia mara 65.

Hapa ndipo binamu anapopotea. Anadhani uchovu ni kama taa: ama imewaka, ama imezimika. Anasubiri amwone mtu ameshika magoti, anahema, ndipo akubali atolewe. Lakini misuli haifanyi kazi hivyo. Nguvu ya kulipuka hutoka kwenye akiba ndogo iliyo ndani ya msuli wenyewe, na akiba hiyo hutosha kama sekunde 10 tu za kazi ya nguvu zote. Kujaa tena kunahitaji dakika kadhaa. Nusu dakika kati ya jaribio na jaribio inarudisha sehemu tu.

Fikiria tangi la maji juu ya paa, kama haya yetu ya Nairobi. Bomba la jikoni linamwaga haraka, bomba la kaunti linajaza polepole. Ukioga mara moja hujui tofauti. Ukioga watu sita mfululizo, wa sita anabaki na sabuni kichwani. Wakati wa mtu wa nne bomba lilikuwa bado linatoa maji vizuri, hakuna aliyelalamika, lakini tangi lilikuwa limeshakaribia kukauka. Mlinzi wa safu ya mbele ndiye tangi hilo. Ukimpumzisha majaribio manne au matano, umempa dakika mbili tatu za kujaa. Ukingoja mpaka bomba likohoe, umechelewa.

Kwa hiyo jibu la swali "mbona wanamtoa na hajachoka?" ni kwamba wanamtoa KWA SABABU hajachoka. Hiyo ndiyo kazi yote. Anayepumzishwa baada ya kuchoka hajapumzishwa, ameokolewa, na mara nyingi ameokolewa baada ya hasara.

Tena kuna jambo ambalo makocha wa sebuleni hawalihesabu kabisa: adui naye anajua. Kanuni inasema timu yenye mpira ikibadilisha watu, refa lazima aipe timu inayolinda nafasi ya kubadilisha pia. Lakini timu yenye mpira ikiamua kutobadilisha mtu yeyote, ikajipanga haraka bila hata kukusanyika kupanga, walinzi wanakwama. Wakikimbia kutoka, mpira unaweza kuanza kabla wenzao hawajaingia. Chip Kelly, alipokuwa kocha wa hao hao Eagles kuanzia 2013 hadi 2015, aliupenda mwendo huo wa kasi. Maana yake ni nini? Ni kwamba siku utakapouhitaji sana mzunguko wako, mlango utakuwa umefungwa. Walio uwanjani ndio utakaobaki nao, na nguvu zilizomo miilini mwao dakika hiyo ndizo utakazotumia. Huwezi kuanza kuweka akiba siku ya njaa.

Mnataka mfano? Rudini Houston, 5 Februari 2017. Atlanta Falcons wanaongoza 28 kwa 3 dhidi ya New England Patriots katika robo ya tatu. Safu yao ya mbele inamsumbua Tom Brady kweli kweli. Kufikia mwisho wa mechi walikuwa wamemwangusha mara 5, na Grady Jarrett peke yake mara 3. Ukimwuliza binamu angesema hao wameiva, waacheni. Lakini angalieni hesabu: Patriots walicheza majaribio 93 usiku ule. Falcons wenyewe walicheza 46. Ulinzi wa Falcons ulibeba mzigo mara mbili ya ule wa wapinzani wao. Mwishoni Patriots wakaenda yadi 91 wakasawazisha, kisha katika muda wa ziada wakaenda yadi 75 wakamaliza kazi. 34 kwa 28.

Nisiwaonee. Kocha wao mkuu, Dan Quinn, hakuwa mgeni wa kupokezana zamu; ndiye aliyeongoza ulinzi wa Seattle Seahawks mwaka 2013, na nitaufikia huo sasa hivi. Kosa kubwa la Falcons lilikuwa upande wa pili, kwa wenzao wenye mpira ambao hawakukaa nao muda wa kutosha ili walinzi wapumue. Lakini somo ni lile lile: safu ya mbele ni mtaji, na mtaji huisha. Ukitaka kujua ulinzi umechoka kiasi gani, usitazame saa ya uwanjani. Hesabu majaribio.

Sasa hao Seahawks. Mwezi Machi 2013 waliwasajili Michael Bennett na Cliff Avril, wote wakali wa kumfukuza kwotabeki, ilhali tayari walikuwa na Chris Clemons. Binamu angeuliza, watatu wa nini? Bennett aliongoza timu nzima msimu ule kwa kuangusha makwotabeki mara 8.5 na Avril akafuata na 8, na wote wawili mechi nyingi hawakuanza. Walikuwa wanaingia. Februari 2014 wakakutana na Denver Broncos, timu iliyokuwa imefunga pointi 606 katika msimu, rekodi ya ligi. Matokeo: 43 kwa 8. Avril ndiye aliyeugonga mkono wa Peyton Manning hadi mpira ukaangukia mikononi mwa Malcolm Smith, aliyekimbia nao yadi 69 kufunga.

Najua mnasubiri kunitupia jina moja. Nalitaja mwenyewe: Aaron Donald. Mtu huyu wa Los Angeles Rams alikuwa hatoki uwanjani ila kwa nadra, na Februari 2022 dakika za mwisho za Super Bowl bado alikuwa na nguvu za kumshika Joe Burrow na kumzungusha, Rams wakashinda 23 kwa 20. Ni kweli. Lakini angalieni aliyekuwa naye: Von Miller, ambaye Rams walimchukua katikati ya msimu ule, na ambaye siku hiyo aliangusha mara 2 sawa na Donald mwenyewe. Jumla Rams walimwangusha Burrow mara 7. Na hata bila hayo, Donald ni mmoja. Ukiandika programu inayofanya kazi kwenye kompyuta moja tu, ile kubwa kuliko zote sokoni, hujaandika programu nzuri. Umenunua kompyuta nzuri.

Hoja ya pili nayosikia: anayeingia si mzuri kama anayetoka, kwa hiyo kila dakika nyota akikaa nje timu inapoteza. Hii ni hoja ya hesabu, basi tuifanyie hesabu. Namba hizi nimejitungia mwenyewe ili kuonyesha njia, nanyi badilisheni mpendavyo. Tuseme nyota akiwa mzima ana thamani ya 10 katika kila jaribio. Akiachwa majaribio yote 65, majaribio 20 ya kwanza anacheza kwa 10, majaribio 25 ya katikati kwa 8, na 20 ya mwisho kwa 6. Jumla 520. Sasa tumpe mwenzake majaribio 25, na mwenzake huyo thamani yake ni 7 tu. Nyota anabaki na majaribio 40, na kwa kuwa anapumzika, anacheza kwa 9.5. Hapo ni 380 jumlisha 175, yaani 555. Tumepata zaidi kwa kumtumia nyota kidogo! Na cha muhimu kuliko jumla: katika majaribio yale ya mwisho, mechi inapoamuliwa, una mtu wa 9.5 badala ya mtu wa 6.

Lakini mimi si mwizi wa hesabu. Ukimweka mwenzake awe wa 4, jumla inashuka hadi 480 na binamu anashinda. Mpaka uko kwenye 5.6. Chini ya hapo, muache nyota uwanjani. Basi hoja ya "mwenzake ni dhaifu" si hoja dhidi ya kupokezana zamu. Ni mashtaka dhidi ya aliyesajili timu, aliyetumia pesa zote kwa mtu mmoja akajaza benchi na yeyote aliyepita njiani. Halafu mzigo wa uzembe huo anabebeshwa nani? Nyota. Na sisi kwenye makochi tunapiga makofi, tunasema huyo ndiye mwanamume, hatoki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hoja ya tatu ni ya pesa, na hii naiheshimu. Wachezaji hulipwa kwa takwimu, na mikataba mingine ina nyongeza kwa waliocheza sana. Ukimtoa mtu, unaweza kuwa unamtoa kwenye mlo wake. Ila tazameni Milton Williams wa Eagles. Msimu wa 2024 alicheza takriban nusu tu ya majaribio ya ulinzi. Katika ile Super Bowl tuliyokesha nayo alimwangusha Mahomes mara 2. Mwezi uliofuata Patriots wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 104. Mwenzake Josh Sweat, naye wa mzunguko ule ule, aliangusha mara 2.5 kisha akapata mkataba wake mnono Arizona. Wenye pesa wameshaelewa. Hawanunui saa za kukaa uwanjani, wananunua kinachotokea ukiwa uwanjani.

Na msiniambie kupokezana maana yake ni kugawana sawa kama maandazi. Jalen Carter, bora wao pale katikati, alicheza kuliko wenzake wote wa safu ile msimu huo. Nyota acheze zaidi, ndiyo. Asicheze yote.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma mpaka naliandikia makala nzima.

Kazi yangu ya kwanza baada ya shahada ya sayansi ya kompyuta ilikuwa katika kampuni ambayo sitaitaja, tukitunza mfumo wa malipo. Nilikuwa najua mfumo ule kuliko wote, nami nilijivunia. Kitu kikiharibika, naitwa mimi. Usiku, naitwa mimi. Tulikuwa wanne, lakini wengine watatu hawakupewa hata nywila za seva kuu, kwa sababu "wewe ndiye bora". Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana. Mwisho wa mwezi mmoja nikakesha siku ya kwanza, siku ya pili, na siku ya tatu, saa kumi alfajiri, nikaandika amri ya kufuta jedwali. Amri ilikuwa sahihi. Dirisha ndilo halikuwa sahihi. Nilidhani niko kwenye mfumo wa majaribio, kumbe niko kwenye ule halisi, wenye malipo ya watu.

Tulirudisha nakala ya usiku wa manane. Kazi ya saa nne za wateja tuliijenga upya kwa mkono, tukipiga simu mmoja mmoja, na kuna mama mwenye duka alilia kwenye simu kwa sababu malipo yake hayaonekani na mwenye mzigo anamsubiri mlangoni. Sauti ile sijaisahau.

Amri ile naijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Mimi wa siku ya kwanza nisingeikosea. Na meza iliyofuata alikuwepo dada mmoja, mwenye akili zake timamu, aliyelala vizuri usiku huo, ambaye angeifanya kazi ile vizuri kama angefundishwa. Nilipomwuliza bosi kwa nini hakunipa mtu wa kunipokea, alisema: "Ulionekana bado uko sawa."

Maneno ya binamu yale yale. Hajachoka.

Ndiyo maana nikiona lijitu la kilo 140 linatoka mbio kwenda benchi huku timu yake inaongoza na yeye anatabasamu, anapewa maji na mwenzake anaingia bila maneno, mimi sioni dharau. Naona timu iliyofanya kazi yake mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Turudi New Orleans tumalize. Eagles walikwenda mapumziko wakiongoza 24 kwa 0. Hadi mwisho walimwangusha Mahomes mara 6, tena bila kumtuma mtu wa ziada kutoka nyuma hata mara moja. Wale wanne wa mbele, wowote waliokuwa zamu, walitosha. 40 kwa 22. Alfajiri ilikuwa imeshaingia, matatu zimeanza kupiga honi barabarani, na binamu alikuwa anaruka ruka sebuleni na shati lake la kijani.

Nikamwuliza, sasa bado unataka wasitoke? Akasema wangeshinda hata hivyo.

Basi binamu, namba zote ziko hapo juu. Zibadilishe upendavyo, kisha niletee jumla yako. Ila usiniletee usiku: saa hizi tunapokezana zamu kazini, na wiki hii zamu ya usiku si yangu.